Ventilateri kubwa za depo: namna ya kuwasha sanduku lake bila hatari

Moto unakatika katikati ya mchana. Ndani ya depo, ventilateri kubwa iliyofungwa chini ya paa inapunguza mwendo pole pole, kisha inasimama. Mfanyakazi anaona hiyo ni nafasi nzuri ya kupanguza vumbi kwenye mabawa. Anasimamisha ngazi, anapanda. Hakuna aliyeangusha disjonkteri, hakuna aliyefunga kufuli. Baada ya dakika chache moto unarudi, na lile sanduku la ukutani lililokuwa linangoja tu linaanza kuzungusha ventilateri bila mtu yeyote kufinya butoni.

Mfano huu unaonyesha hatari kubwa ya mashine hizi katika miji yetu, ambamo delestaji ni jambo la kila siku. Ventilateri iliyosimama si ventilateri iliyozimika. Ndiyo sababu kazi ya kuiwasha kwa usalama inaanza mbali sana na butoni ya kijani, na inaendelea hata kiisha kuizima.

Ni ventilateri ya namna gani?

Hapa hatuzungumzii ile ndogo ya nyumbani yenye mabawa matatu. Ni zile kubwa za depo, ateliye, karakana na makanisa yenye paa la juu. Upana wake, toka ncha ya bawa moja mpaka ncha ya bawa la upande wa pili, unaweza kuwa mita 2 na zaidi, na zile kubwa kabisa zinafika mita 7 na kidogo. Zilianza katika jimbo la California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Wafugaji walizitumia kwa kupoza ng'ombe wa maziwa, na kisha viwanda vikaona faida yake.

Siri yake ni kuzunguka pole pole huku ikisukuma hewa nyingi. Moteri ya kilowati 1 ama 2 inatosha kupunguza joto ambalo watu wanalisikia kwenye eneo kubwa. Kwa mji kama Lubumbashi, ambamo joto linapanda tangu mwezi wa 9 mbele ya mvua kuzoea, ama miji ya joto kama Kalemie, Uvira na Kindu, wafanyakazi walio chini ya manjanja wanajua faida ya upepo kama huo.

Lakini kuzunguka pole pole kunadanganya macho. Ventilateri ya mita 7 ikizunguka mara 60 kwa dakika, ncha ya bawa lake inatembea mita 22 kila sekunde, ni kusema karibu kilometa 80 kwa saa. Hiyo ni mbio ya gari kwenye barabara nzuri. Na mashine nzima inaweza kupita kilo 100, ikiwa imening'inia juu ya vichwa vya watu.

Sanduku la ukutani linafanya kazi gani?

Ventilateri hizi haziwashwi kwa swichi ya kawaida. Zinaongozwa na sanduku ambalo mafundi wanaliita variateri. Saa ingine liko ukutani, saa ingine limefungwa juu karibu na moteri, na chini kunabaki butoni tu ama telekomandi.

Umeme unaofika toka kwenye nyaya za mji unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja. Ndiyo maana unaandikwa hezi 50. Moteri ya kawaida ikipewa umeme huo moja kwa moja, inaruka pale pale mpaka mwendo wake wote. Kwa mabawa marefu na mazito, mruko huo ungevunja buloni, giya ama chuma kinachoshikilia ventilateri kwenye paa. Variateri inakamata umeme huo na kuugeuza kuwa wa mwelekeo mmoja kama ule wa betri. Inauweka akiba ndani ya kondensateri, kisha inautengeneza upya kwa kiasi inachotaka: hezi 2, hezi 5, hezi 10, mpaka mwendo wa mwisho. Hivyo ventilateri inapata mwendo pole pole, saa ingine kwa muda wa dakika nzima.

Zile kondensateri ndizo zinapashwa kuogopwa. Ndani ya variateri inayokula umeme wa volti 220, zinabeba karibu volti 310. Kwenye ile ya volti 380 ya fazi tatu, zinabeba karibu volti 540. Na moto ukikatwa, hazimwagiki mara moja. Zinabaki na umeme wa kuua kwa muda wa dakika kadhaa, hata kama sanduku halina taa wala sauti. Mara nyingi kibandiko cha sanduku kinaandika muda wa kungoja: dakika 5, 10 ama 15. Muda huo unaheshimiwa wote.

Nani anaruhusiwa kufungua sanduku?

Mwenye depo, mchungaji wa kanisa ama mlinzi anaweza kufundishwa kuwasha, kuzima na kusimamisha ventilateri kwa haraka. Kufungua kifuniko, kugusa nyaya na kubadilisha maagizo ya ndani ni kazi ya fundi wa umeme aliyejifunza variateri. Kuna mafundi hodari wa kuweka taa na prizi ambao hawajawahi kufanya kazi na sanduku kama hili. Kwa fundi wa namna hiyo si haya kuuliza mwenzake. Haya ni kujaribu tu.

Mbele ya kupeleka umeme

Kazi ya kwanza ni kuangalia mashine ikiwa haina umeme kabisa. Disjonkteri ya ventilateri inaangushwa, inafungwa kwa kufuli, na karatasi inawekwa pale: "Usiwashe, watu wako juu." Ufunguo wa kufuli unabaki mfukoni mwa yule anayepanda. Hauachwi kwa mlinzi wala juu ya meza. Kama watu wawili wanapanda, kila mmoja anaweka kufuli lake.

Kisha macho yanaenda juu:

- Chuma cha paa kinachobeba ventilateri kiwe kimehakikishwa na mtu anayejua ujenzi. Mbao nyembamba za kushikilia manjanja haziwezi kubeba mashine hii.
- Buloni zote zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa ndani ya kitabu cha mashine.
- Kamba ya chuma ya usalama iwe imefungwa. Hiyo ndiyo inazuia ventilateri kuanguka ikiwa kishikio kikuu kimekatika.
- Mabawa yawe angalau mita 3 juu ya sakafu, mbali na taa, nyaya, mabomba na magunia yaliyopangwa juu sana. Mahali ambapo mashine ya kubeba mizigo inainua mikono yake, mita 3 hazitoshi.
- Kusiwe na chombo kilichosahauliwa juu ya bawa. Ufunguo wa buloni ulioachwa pale unageuka kuwa risasi.

Baada ya hapo macho yanashuka kwenye sanduku. Plake ya variateri inalinganishwa na umeme uliopo. Kati ya fazi moja na nyutro ni volti 220, kati ya fazi mbili ni 380. Sanduku la 220 likifungwa kwenye 380 linapasuka siku hiyo hiyo. Umeme unapimwa kwa testeri kabisa, maana katika mitaa mingi volti zilizoandikwa si zile zinazofika.

Nyaya nazo zina upande wake. Umeme wa kuingia unafungwa kwenye alama L1, L2, L3, ambazo masanduku mengine yanaandika R, S, T. Moteri inafungwa kwenye U, V, W. Kugeuza pande hizi mbili, ni kusema kuleta umeme wa mji kwenye U, V, W, kunaua variateri kwa sekunde moja. Hili ni kosa linalojulikana sana, na linatoka kwenye haraka.

Waya wa tere, ule wa rangi ya kijani na manjano, unafungwa kwenye sanduku na kwenye moteri, na unashuka mpaka kwenye tere ya kweli ya jengo. Majengo mengi yana waya wa tere unaoishia ukutani bila kufika ardhini. Kwa ventilateri inayoshikamana na chuma cha paa, tere mbovu inaweza kuweka umeme kwenye jengo lote.

Jambo lingine linahusu sanduku lililokaa sana. Variateri iliyolala ndani ya kontena ama stoo zaidi ya mwaka mmoja haipewi umeme wote kwa ghafla, kwa sababu kondensateri zake zinadhoofika zikikaa bila kazi. Fundi anazirudishia nguvu pole pole kufuatana na kitabu. Na sanduku lililotoka mahali pa baridi na kuingia kwenye joto linaachwa kwanza mpaka unyevu ukauke, maana maji kidogo tu juu ya vipande vya ndani yanaweza kuliunguza.

Maagizo ya ndani

Kiisha kufunga kifuniko, umeme unaweza kupelekwa kwenye sanduku. Lakini moteri bado haizungushwi. Kwanza fundi anaingiza yale yaliyoandikwa kwenye plake ya moteri: volti, ampea, hezi, mizunguko kwa dakika na kilowati. Ampea ndizo zinalinda moteri. Zikiandikwa kubwa kuliko za plake, moteri itaungua mbele ya variateri kuona hatari.

Muda wa kupanda mwendo unawekwa mrefu, kama kitabu cha ventilateri kinavyoomba. Muda wa kushuka nao uwe mrefu. Mabawa mazito yanapolazimishwa kusimama haraka, yanageuza moteri kuwa kama grupu. Moteri inarudisha umeme ndani ya sanduku, volti za kondensateri zinapanda, na variateri inajikata. Mwendo wa mwisho hauongezwi kupita ule wa mtengenezaji, hata kama watu wanalalamika joto.

Agizo moja linapashwa kuangaliwa kuliko yote: kujiwasha lenyewe baada ya moto kurudi. Variateri nyingi zinaweza kufanya hivyo zikiruhusiwa. Na hata pasipo ruhusa hiyo, kama agizo la kwenda linatoka kwenye swichi iliyobaki juu, ventilateri inaweza kuanza moto ukirudi. Kwa mji wenye delestaji, fundi anafunga ruhusa hiyo. Kisha anajaribu: anaacha ventilateri ikizunguka, anaangusha disjonkteri, anangoja mabawa yasimame na sanduku lizime kabisa, anarudisha. Ikiwa ventilateri imeanza yenyewe, kazi haijaisha.

Mzunguko wa kwanza

Siku ya kuwasha, eneo la chini linaondolewa watu. Kamba inafungwa kuzunguka, na mtu mmoja anasimama mbali akiona mabawa yote. Mwenzake anakaa kwenye sanduku, mkono karibu na butoni nyekundu ya kusimamisha. Hawa wawili wanapatana alama ya mkono mbele ya kuanza, kwa sababu sauti inaweza kupotea ndani ya jengo kubwa.

Mzunguko wa kwanza unafanywa kwa mwendo mdogo kabisa. Kitu cha kwanza kinachotazamwa ni mwelekeo. Wakati wa joto ventilateri inapashwa kusukuma hewa chini. Kama inazunguka kinyume, umeme unakatwa, muda wa kibandiko unangojwa, sanduku linapimwa, na waya mbili kati ya U, V, W zinabadilishana nafasi. Variateri nyingine zinageuza kwa agizo la ndani bila kugusa waya. Kubadilisha nyaya za kuingia, L1 na L2, hakusaidii kitu: variateri inatengeneza umeme wake yenyewe na haijali mpangilio huo.

Kisha mwendo unaongezwa hatua kwa hatua: robo, nusu, robo tatu, wote. Kwenye kila hatua watu wanasikiliza na kuangalia kwa dakika chache. Ventilateri nzuri inazunguka kama iko imelala. Ikiwa inayumba, inagonga, ama paa linatetemeka, inasimamishwa. Mara nyingi sababu ni bawa lisilokazwa, bawa lililopinda, ama kishikio kisichonyooka. Ampea zinazoonyeshwa na sanduku zinalinganishwa na zile za plake. Mwishoni butoni ya kusimamisha inajaribiwa ventilateri ikiwa kwenye mwendo wote. Buloni zinaangaliwa tena baada ya siku za kwanza za kazi, maana chuma kipya kinajikalisha.

Moto ukikatika, moto ukirudi

Kila mahali penye ventilateri kama hii panapashwa kuwa na desturi moja: moto ukikatika, mtu aliyewekwa anazima butoni ya ventilateri. Moto ukirudi, hakuna kukimbilia. Volti zinaweza kuwa juu sana ama chini sana dakika za kwanza. Zikitulia, mtu anaangalia chini ya mabawa, kisha anawasha kwa mkono wake.

Desturi hiyo hiyo inafuatwa pa grupu. Kwanza ventilateri inazimwa. Grupu inawashwa, inaachwa ipate mwendo wake, kisha mzigo unahamishwa. Ventilateri inaingia mwisho. Kurusha umeme toka nyaya za mji kwenda grupu huku variateri ikiwa kazini kunaweza kuivunja.

Disjonkteri si swichi ya kuwashia kila asubuhi. Kila mara umeme unaporudi, kondensateri tupu zinavuta umeme kwa nguvu. Kufanya hivyo mara nyingi kwa siku kunachosha sanduku. Kazi ya kila siku inafanywa kwa butoni. Disjonkteri ni ya kazi ya matengenezo na ya hatari.

Sanduku likiandika kosa kwenye kioo chake, alama hiyo inaandikwa kwenye karatasi mbele ya kufinya butoni ya kufuta. Volti ndogo, volti kubwa, ampea nyingi, joto, umeme unaokimbilia tere: kila moja ina alama yake ndani ya kitabu. Kufuta mara moja kunaruhusiwa. Kosa likirudi, ventilateri inabaki imezimwa mpaka fundi afike. Na kama disjonkteri ya kulinda watu inaanguka kila mara, dawa si kuitoa. Fundi anatafuta kama umeme unavuja kweli, ama kama disjonkteri hiyo si ya aina inayofaa kwa variateri.

Kusafisha na kutengeneza

Vumbi la unga, la simenti ama la barabara linajaa kwenye mabawa na kwenye matundu ya sanduku. Kulisafisha ni lazima, lakini njia ni ile ile kila mara: kuzima kwa butoni, kungoja mabawa yasimame yenyewe, kuangusha disjonkteri, kufunga kufuli, kungoja dakika za kibandiko, kupima. Bawa halisimamishwi kwa mkono wala kwa mti.

Kupima nako kuna mtego. Umeme wa kondensateri ni wa mwelekeo mmoja. Testeri iliyowekwa kwenye upande wa umeme wa kawaida inaweza kuonyesha sifuri na kumdanganya fundi. Inawekwa kwenye upande wa betri, na kipimo kinachukuliwa kati ya alama + na − za sanduku. Testeri yenyewe inajaribiwa kwanza mahali penye umeme unaojulikana, na tena baada ya kupima. Turnavisi yenye taa haitoshi kwa kazi hii. Taa ndogo nyekundu ya sanduku ikiwaka, umeme upo. Ikizima, bado si ushahidi.

Kwa ventilateri zenye moteri ya sumaku, kuna jambo la kuongeza: mabawa yakisukumwa na upepo, moteri inatengeneza umeme kwenye waya za U, V, W hata kama disjonkteri imefungwa. Mabawa yanafungwa kwa kamba mbele ya kugusa waya hizo.

Mtu akikamatwa na umeme, asiguswe kwa mikono. Kwanza umeme unakatwa kwenye disjonkteri. Kisha msaada unatolewa na mgonjwa anapelekwa hospitalini, hata kama anasema anajisikia vizuri, kwa sababu umeme unaweza kusumbua moyo baadaye.

Karatasi ya ukutani

Mambo haya yote yanaweza kuingia kwenye karatasi moja iliyobandikwa kando ya sanduku, kwa luga ambayo wafanyakazi wanasoma: jina la mwenye ruhusa ya kuwasha, nambari ya fundi, mahali pa disjonkteri, dakika za kungoja, na desturi ya moto kukatika. Kufuli na ufunguo wake vinaning'inia hapo hapo. Bei ya kufuli hailingani na bei ya ventilateri, sembuse na maisha ya kijana aliyetumwa juu ya ngazi kupanguza vumbi. Siku atakapotumwa, aulize swali moja mbele ya kupanda: ufunguo uko mfukoni mwa nani? Kama jibu si "mwako", abaki chini.